Potjiekos: chungu cha miguu mitatu katika baridi ya Johannesburg

Johannesburg, mji mkubwa kuliko yote nchini Afrika Kusini, uko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari. Baina ya Juni na Agosti mchana huwa na jua, lakini usiku joto hushuka hadi kukaribia nyuzi sifuri. Theluji ni nadra, ingawa ilianguka tarehe 7 Agosti 2012 na tena tarehe 10 Julai 2023.

Kila taifa lenye kipupwe lina chakula chake cha chungu kimoja. Waireland huchemsha nyama ya kondoo pamoja na viazi, vitunguu na maji. Waafrika Kusini wana potjiekos, neno la Kiafrikana linalotamkwa "poikikos", na maana yake ni chakula cha chungu kidogo.

Asili yake

Waholanzi waliofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 walikuja na desturi ya kupika nyama na mboga katika chombo kimoja. Kuanzia miaka ya 1830, walowezi waliohamia bara kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe walichukua vyungu vya chuma cha kalibu, na jioni walivibandika juu ya moto wa kambi. Waafrika nao walivipokea vyungu hivyo, na hadi leo ndivyo vinavyopikia ugali, ambao huko huitwa pap, na nyama za harusi na matanga.

Viungo vina historia nyingine. Watumwa waliopelekwa Rasi kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki waliacha alama yao katika mapishi ya huko. Ndiyo sababu mpishi wa Zanzibar au Lamu atakutana na giligilani, manjano, tangawizi na mdalasini katika vyungu vingi vya Afrika Kusini.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Chungu hiki hakihitaji mafiga, kwa kuwa kina miguu yake mitatu.

Kwa nini kisiharakishwe

Katika mwinuko wa Johannesburg maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94, si 100 kama pwani. Mtu aliyezoea kupika Mombasa au Dar es Salaam ataona nyama na maharage vikichelewa kuiva. Wa Nairobi hatashangaa.

Nyama inayofaa ni ile ngumu na yenye mifupa: shingo, muundi au mkia. Kano zake huyeyuka polepole katika moto mdogo na kuufanya mchuzi uwe mzito bila kutiwa unga. Nyama laini isiyo na mafuta hukauka na kuwa kama kamba. Sehemu hizi ngumu pia ni nafuu kuliko steki, jambo lenye uzito kwa mhamiaji anayetuma fedha nyumbani kila mwezi.

Mahitaji kwa watu sita

Nyama ya kondoo au ng'ombe yenye mifupa, kilo moja na nusu, vitunguu maji vitatu, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, karoti nne, viazi mviringo sita, nusu kilo ya boga, konzi mbili za maharage mabichi, vikombe viwili vya maji ya moto, mafuta, chumvi, pilipili manga, giligilani na manjano.

Viungo hupatikana kwa wingi katika maduka ya Fordsburg, na nyama ya halali katika mtaa jirani wa Mayfair, wanakoishi Wasomali wengi.

Namna ya kupika

Washa moto nje na usubiri kuni ziwe makaa. Pasha mafuta, kaanga nyama kidogo kidogo hadi iwe ya kahawia, kisha tia vitunguu, saumu, tangawizi na viungo. Mimina maji, funika, na uache kwa muda wa saa moja na nusu. Nyama ya ng'ombe yaweza kuhitaji saa mbili.

Baada ya hapo panga mboga kwa tabaka: karoti na viazi kwanza, juu yake boga na maharage mabichi. Nyunyiza chumvi, funika tena, na uache dakika 45. Usikoroge, kwani mboga zitapondeka na chakula kuwa rojo. Sikiliza: mchuzi unapaswa kutokota kwa sauti ya chini. Ukinguruma, punguza makaa. Ukinyamaza, ongeza machache. Pakua pamoja na pap, wali au mkate.

Tahadhari

Mgao wa umeme, ulioanza mwishoni mwa 2007 na kufikia kilele mwaka 2023, uliwarudisha wakazi wengi kwenye makaa. Hatari hutokea chakula kinapokwisha kuiva, pale jiko, au debe lililotobolewa liitwalo mbawula, linapoingizwa chumbani ili kuleta joto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala huenda asiamke. Makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kuitoa.

Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wakiumwa kichwa watu wote wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, tokeni nje mara moja, acheni milango wazi na ombeni msaada. Nchini Afrika Kusini gari la wagonjwa huitwa kwa namba 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Anayeishi ghorofani asithubutu kuwasha makaa ndani wala kwenye roshani. Moto wa tarehe 31 Agosti 2023 katika jengo la Usindiso, katikati ya Johannesburg, uliua watu 76, wakiwemo wahamiaji kutoka nchi kadhaa za Afrika. Chanzo chake hakikuwa upishi, lakini ulidhihirisha jinsi ilivyo vigumu kujiokoa katika majengo yaliyosongamana. Mapishi haya yanawezekana pia kwa sufuria nzito juu ya jiko la umeme, kwa moto mdogo na muda uleule.

Kukitunza chungu

Usilaze chakula ndani yake, maana kitapata ladha ya chuma. Kioshe kwa maji ya moto, kikaushe juu ya moto na ukipake mafuta kidogo. Chungu kinachotunzwa hivyo hakishiki kutu, na hurithiwa.