Le Grand Bleu: Bahari Moja, Hukumu Mbili

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwezi Mei 1988 tamasha la sinema la Cannes, kusini mwa Ufaransa, lilifunguliwa kwa filamu ya Luc Besson iitwayo Le Grand Bleu, yaani Buluu Kuu. Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi na wengine kwa kejeli: ndefu mno, wakasema, picha nzuri zisizo na kisa. Vijana wa Ufaransa hawakuwasikiliza. Waliingia sinema, wakatoka, wakarudi tena na tena, hata tiketi zilizouzwa nchini humo zikapindukia milioni 9. Magazeti yakawapa jina, kizazi cha Grand Bleu.

Besson, aliyezaliwa mwaka 1959, alilelewa ufukweni na wazazi waliokuwa wakifundisha uzamiaji. Alitamani kuwa mtaalamu wa pomboo, lakini ajali aliyoipata majini akiwa na miaka 17 ikamfungia mlango huo. Filamu yake, basi, ni ya mtu aliyenyimwa bahari akaitafuta kwa kamera. Yaanza kisiwani Ugiriki, kwa picha zisizo na rangi: mtoto Jacques anamshuhudia baba yake, mzamiaji, akishuka na asirudi. Akishakuwa mtu mzima, Jacques anashindana na rafiki yake Enzo kushuka kina kirefu kwa pumzi moja. Katika ndoto yake dari la chumba lageuka maji, nalo lashuka taratibu kumfunika kitandani.

Hapo ndipo watazamaji walipoachana njia. Wanaoipenda husema kwamba filamu hii haitaki kusimuliwa, yataka kuzamiwa. Kisa chembamba, kwao, si upungufu, kwani mtu aliyeko chini ya maji hana la kusema. Muziki wa Éric Serra, uliopata tuzo ya César mwaka 1989, huyajaza masikio kama maji yenyewe. Wasioipenda hujibu kwamba ukimya si kina, na kwamba Johana, mwanamke ampendaye Jacques, amepewa kazi ya kungoja tu juu ya maji.

Ubishi mkubwa zaidi ni wa mwisho wake. Usiku Jacques anataka kushuka. Johana amembeba mtoto wake tumboni na anamsihi abaki. Mwishowe ni mkono wake Johana unaomwachilia. Chini gizani pomboo anangoja, na Jacques anamfuata. Je, huku ni kufa, au ni kurudi kwao? Wasambazaji wa Marekani hawakustahimili swali hilo. Waliipunguza filamu, wakauondoa muziki wa Serra na kuweka wa Bill Conti, wakamrejesha Jacques juu ya maji. Haikufanikiwa huko. Wafaransa kwa upande wao walipewa toleo refu zaidi, nalo wakalipokea kwa furaha.

Lakini nyuma ya ndoto hii palikuwa na watu wa kweli. Jacques Mayol alizaliwa Shanghai mwaka 1927. Katika miaka ya 1950, akifanya kazi penye bwawa la wanyama wa bahari mjini Miami, alijifunza utulivu kwa pomboo jike aitwaye Clown. Enzo Maiorca alizaliwa Siracusa, Sicilia, mwaka 1931. Mabingwa wa tiba walionya kwamba kupita mita 50 kifua cha mwanadamu kingepondwa. Maiorca aliufikia mpaka huo mwaka 1961 na akapanda mzima. Tarehe 23 Novemba 1976, karibu na kisiwa cha Elba, Mayol akawa wa kwanza kufika mita 100, ambako shinikizo ni mara 11 ya lile la juu na hewa ya mapafu hubakia sehemu moja ya kumi na moja. Kilichomwokoa ni siri ya mwili: moyo hupunguza mapigo, na damu hukimbilia kifuani kuziba nafasi iliyoachwa na hewa. Mwaka 1983, akiwa na miaka 56, alifika mita 105.

Mayol alichangia kuiandika filamu. Maiorca alijitambua ndani yake na akachukizwa. Enzo wa sinema amebadilishwa ubini akaitwa Molinari. Ni mtu wa majigambo, na anakufa kwa kumfukuzia mwenzake. Maiorca wa kweli alishindana na Mayol kwa rekodi, kila mtu kwa siku yake na mahali pake. Aliuacha uwindaji wa samaki baada ya kuuhisi moyo wa chewa ukidunda kiganjani mwake. Aliwalea mabinti wawili walioweka rekodi zao wenyewe, na mwaka 1988, mwaka ule ule wa filamu, akafika mita 101. Kwa pingamizi lake, majumba ya sinema ya Italia hayakuionesha hadi mwaka 2002.

Kabla ya hapo, tarehe 22 Desemba 2001, Mayol alijitoa uhai nyumbani kwake Elba. Maiorca, aliyeuawa na sinema, aliishi hadi mwaka 2016.

Baada ya habari hizi, ni vigumu kuutazama mwisho ule kwa jicho la mwaka 1988. Wapo walioona kwamba filamu ilibashiri. Hilo ni kuidhulumu filamu na kumdhulumu marehemu, kwani huzuni ya mzee haikuandikwa na mtunga sinema. Hata hivyo swali la Johana limebaki. Wazamiaji wa lulu wa Ghuba walishuka kwa jiwe na kamba, na juu chomboni alikuwepo mshika kamba, sikio lake likiwa kwenye mvuto mmoja mdogo kutoka chini. Kazi ile ilikuwa ya watu wawili, na lulu haikuhesabiwa mpaka mzamiaji avutwe juu.

Wanaoipenda Le Grand Bleu humtazama anayeshuka. Wanaoilaumu humtazama aliyebaki na kamba mkononi. Bahari iliyopigwa picha ni ile ile.