Probayotiki na kisukari: je, vidonge vya "bakteria wazuri" vinashusha sukari?

Kama unamuuguza mzazi, mama mkwe au mume mwenye kisukari, huenda umeshaambiwa kuhusu makopo ya probayotiki: "Akinywa hizi sukari itashuka, ataachana na dawa." Maneno haya utayasikia stendi, sokoni na kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Tukuyu mjini hadi Kiwira. Nusu ya kwanza ina ukweli kidogo. Nusu ya pili inaweza kuua.

Probayotiki ni nini?

Mwaka 2001 wataalamu wa WHO na FAO walieleza kuwa probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha, vinamletea faida ya kiafya. Zingatia neno "hai". Vikifa kwa joto, si probayotiki tena.

Vipo kwenye vidonge, unga na baadhi ya mtindi. Mwanza, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa kushirikiana na mradi wa Western Heads East wa Kanada. Mtindi ule ulilenga lishe na afya ya tumbo, wakiwemo watu wanaoishi na VVU. Haukuwa dawa ya kisukari.

Utafiti unasema nini?

Kwa watu wazima wenye kisukari aina ya 2, tafiti zikijumlishwa zinaonyesha probayotiki hushusha kidogo sukari ya asubuhi kabla ya kula, na pia kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Lakini tafiti nyingi zilikuwa na watu wachache, zilidumu wiki au miezi michache tu, na zilitumia aina tofauti za bakteria. Kwa hiyo zinaweza kuwa nyongeza, haziwezi kuchukua nafasi ya metformini, insulini, mlo na mazoezi.

Mwenye kisukari aina ya 1 asiache insulini hata siku moja. Bila insulini, asidi hujaa kwenye damu na anaweza kufariki ndani ya siku chache.

Kabla hujanunua kopo

- Lipeleke kopo lenyewe kliniki, muuguzi au daktari asome kilichoandikwa. Baadhi ya unga na sharubati huongezwa sukari.
- Uliza kwanza kama mgonjwa ana saratani, kinga dhaifu au yuko mahututi. Kwa watu hawa bakteria hao, kwa nadra, huingia kwenye damu na kuleta maambukizi.
- Usimpe mtoto njiti bila daktari kuagiza.
- Kama fedha ni kidogo, tanguliza dawa alizoandikiwa na vipimo vya sukari.

Vipi kuhusu mtindi wetu?

Rungwe tuna maziwa, na mtindi ni chakula kizuri. Chemsha maziwa kwanza, kwani maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu. Yaache yapoe, ndipo utie mtindi kidogo wa kugandishia. Ukishaganda usiuchemshe tena, utaua bakteria wake.

Kumbuka, mtindi nao una sukari ya maziwa. Kikombe kimoja (mililita 250) kina takriban gramu 12 za wanga. Ukiongeza vijiko viwili vya chakula vya sukari, umeongeza gramu 25 hivi. Mpe usio na sukari, na uuhesabu kama sehemu ya mlo pamoja na ndizi, viazi au ugali, siyo juu ya mlo.

Fuatilia sukari, usifuate hisia

Kwa wengi lengo kabla ya kula ni kati ya 4 na 7. Kwa mzee, daktari anaweza kuweka lengo tofauti. Andika namba kwenye daftari na uende nalo kliniki. Zikishuka, daktari ndiye apunguze dawa, siyo muuza kopo.

Sukari ikiwa chini ya 4, au akitetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Mtindi hautoshi hapa. Kama hawezi kumeza, usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Nenda hospitali mara moja pia akitapika mfululizo, akihema kwa kasi, akisinzia kupita kawaida au pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva sana. Usiku au mchana, usisubiri kliniki. Beba dawa zake zote, pamoja na kopo la probayotiki, ili wanaomhudumia wajue alichokuwa akitumia.