Pasulio, Si Msumeno wa Meza

Orodha ya istilahi za useremala iliyotolewa na kamati na kunifikia karibuni inaiita mashine ya diski ya kupasulia mbao "msumeno wa meza". Napinga. Katika Kiswahili, kitambaa cha meza hutandikwa mezani na kisu cha meza huwekwa kando ya sahani. Msumeno wa meza nao utawekwa wapi? Mashine yenyewe ndiyo meza, na diski ya meno huchomoza katikati yake. Fundi hashiki msumeno, anasukuma ubao. Jina la kamati limeona samani, halikuona kazi.

Jina ninalolitetea ni pasulio, na sikulitoa hewani. Seremala wa Kiswahili hachanganyi kukata na kupasua. Hukata ubao kwa kuukatiza. Huupasua kwa kuufuata urefu wake, kama walivyofanya wapasua mbao juu ya mashimo yao kwa msumeno wa watu wawili. Kitenzi chenyewe kina kiishio -ua, kile kile cha fungua, zibua na pambanua: kutenganisha vilivyoshikamana. Kitie katika hali ya kutendea, upate pasulia. Kimbilia imezaa kimbilio, chinjia imezaa machinjio. Kwa nini pasulia inyimwe pasulio? Fundi tayari anasema "mashine ya kupasulia". Nimefupisha tu kauli yake.

Nimejibiwa kwamba kupasua sasa ni kwa madaktari. Jibu hilo limeniudhi, kwa sababu linatoka kwa watu waliokabidhiwa lugha. Magogo yalipasuliwa kabla ya hospitali kujengwa. Wengine wanaung'ang'ania msumeno kwa ukongwe wake, kwamba ndani yake mna shina la kisu na meno. Ni neno zuri, nami nalienzi. Lakini msumeno wa methali hukata mbele na nyuma, na mashine hii haina tabia hiyo. Meno ya mbele hushuka kuelekea mezani; ya nyuma hupanda, na ubao ukibana hapo hunyanyuliwa na kurushwa kwa fundi. Kibati kisimamacho nyuma ya diski kimewekwa kuuzuia mpasuo usijifunge.

Jina sahihi humsaidia pia mnunuzi mwenye fedha kidogo na karakana ya nyumbani. Ajue kwamba analipia upasuaji ulionyooka, kwa hiyo atazame reli ya kuongozea ubao kabla ya ukubwa wa mota. Diski ya inchi 10, yaani milimita 254, na mota ya nguvu-farasi 1.5 hivi zinatosha kazi nyingi za samani. Mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, apime pengo la reli na diski, mbele kisha nyuma. Vipimo vikitofautiana na reli haikubali kurekebishwa, aiache. Aiache pia isiyo na kile kibati. Ya mtumba kutoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120, nayo huku kwetu itadai transfoma, ambayo nayo ni gharama.

Walimu wa vyuo vya ufundi, msiisubiri kamati. Andikeni pasulio ubaoni na katika mitihani yenu. Wingi wake ni mapasulio.