Kauri Nyeupe ya Dehua

Wafaransa wa karne ya 19 waliiita blanc de Chine, yaani nyeupe ya China, na makumbusho ya Ulaya yangali yakitumia jina hilo. Mimi napendekeza kauri nyeupe ya Dehua. Vyombo vyeupe vimefinyangwa sehemu nyingi za China, ila hivi vilitoka Dehua, mkoani Fujian. Udongo wa huko una chuma kidogo mno, ndiyo maana chombo hutoka jokoni na weupe wa maziwa au wa pembe ya ndovu, wakati weupe wa Jingdezhen, kituo kingine cha kauri nchini China, huelekea samawati.

Neno kauri linatutosha, hatuhitaji poselini. Kwetu kauri ni simbi wa pwani, na ni chombo cha China pia. Waitaliano nao walikipa chombo hicho jina la simbi huyohuyo, porcellana. Tusiliachie tu likafunika kila kilichochomwa. Kauri ya kweli huchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi, ikawa kama kioo: hainywi maji, ukiigonga inalia, na ikiwa nyembamba hupitisha nuru.

Katika karne ya 17 meli za Ulaya zilibeba vikombe vya Dehua, vingine vikiwa na umbo la pembe ya kifaru, ubavuni vimebandikwa matawi ya mplamu yenye maua. Havikuwa na mkono. Wakati huohuo Wazungu walikuwa wanajifunza kunywa chai, kahawa na chokoleti, na kikombe cha fedha kikitiwa kinywaji cha moto huunguza midomo. Kauri ilivumilika zaidi, tena haibadilishi ladha. Vikombe vingi, hata hivyo, havikunywewa kitu. Matajiri walivipanga ukutani kama watu wa Lamu walivyopanga kauri zao kwenye zidaka.

Augustus, mtawala wa Saxony, alivikusanya Dresden. Karakana aliyoianzisha Meissen mwaka 1710 iliviiga, maua ya mplamu na yote. Karakana za Saint-Cloud huko Ufaransa, na Bow na Chelsea za London, ziliviiga pia, lakini bila kupata mchanganyiko wa Kichina. Zao tuziite kauri laini. Ya Dehua na ya Meissen ni kauri ngumu. Anayeandika maelezo ya kikombe cheupe chenye tawi la mplamu ataje kwanza karakana, kisha aina ya kauri, kwa sababu tawi peke yake halimwambii msomaji kikombe kilitoka wapi.