Jiwe na Neno: Kumbukumbu za Waliokufa Njombe na Makambako

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo katika matumizi ya kila siku huchanganywa: ukumbusho na kumbukumbu. Yote yanatokana na kitenzi kumbuka, lakini yameundwa kwa njia tofauti. Ukumbusho umetokana na kumbusha, yaani kauli ya kutendesha. Ndani ya neno hilo mna mtu anayemfanya mwenzake akumbuke. Kumbukumbu haina mtendeshaji wa namna hiyo. Ni kile kinachobaki kwa mwenye kukumbuka, hata kama hakuna aliyemwagiza. Mnara, sanamu na bamba la majina ni ukumbusho. Simulizi ya bibi, jina la mahali na jina la babu alilopewa mjukuu ni kumbukumbu. Kwa hiyo, mbele ya kila mnara kuna swali la kisarufi ambalo pia ni la kihistoria: ni nani anayemkumbusha nani, na kwa maneno ya nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika nyanda za Njombe na Makambako, ambako waliokufa ni wengi na majina yao yaliyoandikwa ni machache.

Vita vya Korosani

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Mapema Septemba viliingia Ungoni, na muda si mrefu vikafika Ubena. Tarehe 19 Septemba 1905 wapiganaji wa Mbeyela, mtawala wa Wabena wa kusini, walikishambulia kituo cha Yakobi karibu na Njombe, kilichokuwa cha wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin. Kituo kililindwa na mmisionari Paul Gröschel pamoja na watu waliokuwa naye. Shambulio halikufaulu.

Mwaka 1911 Gröschel alichapisha kitabu mjini Berlin kuhusu miaka yake kumi ya kazi katika koloni hilo. Hivyo, katika muda wa miaka sita tu, upande uliokuwa ndani ya boma ulikuwa na maandishi yake. Upande wa nje haukuwa na kitabu. Ulikuwa na jina. Wenyeji wa Yakobi waliviita vita hivyo vita vya Korosani. Mwanahistoria James Giblin alilifanya jina hilo kuwa kiini cha sura yake katika kitabu kuhusu Maji Maji alichokihariri pamoja na Jamie Monson mwaka 2010.

Korosani ni Gröschel. Konsonanti mbili zilizofuatana mwanzoni zimetenganishwa kwa irabu, g imekuwa k, sh imekuwa s, na neno zima limepata mwisho wa irabu. Utohozi kamili wa namna hii hauwezi kuwa kazi ya mwandishi mmoja. Ni dalili kwamba neno limepita katika vinywa vingi kabla ya kufika kwenye karatasi. Lililo muhimu zaidi ni maana yake. Jina hilo halitaji maji ya dawa, halimtaji Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wala haliwataji Wajerumani kwa jumla. Linamtaja mtu mmoja aliyejulikana kwa sura. Vita vilivyoitwa kwa jina la jirani hukumbukwa kama vita vya ujirani.

Na ndivyo vilivyokuwa kwa kiasi kikubwa. Wabena hawakuwa upande mmoja. Walikuwapo waliomfuata Mbeyela na waliokuwa karibu na misheni; na kule Bonde la Ulanga, Wabena wa Kiwanga waliwaunga mkono Wajerumani. Nyaraka za serikali ya kikoloni ziliwaita washambuliaji waasi. Baada ya uhuru neno hilo liliondolewa, kwa haki kabisa, na mahali pake pakawekwa neno mashujaa. Hata hivyo, maneno yote mawili yanadai kwamba mpaka kati ya pande mbili ulikuwa wazi. Korosani halidai hivyo.

Songea na lugha ya ushujaa

Kusini mwa Njombe, mjini Songea, neno mashujaa limepata jiwe lake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga huko viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Jumba la makumbusho lilifunguliwa mahali hapo mwaka 1980, na kila mwezi Februari watu hukusanyika kuwaenzi. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, nayo iliielekeza fikra ya taifa kwenye Bonde la Rufiji. Hivyo kumbukumbu ya kitaifa ikapata nguzo mbili, moja pwani na nyingine Songea. Ubena ukabaki katikati, kama njia ya kupitia.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Yakobi anaweza kujifunza shuleni habari za Maji Maji, akasikia nyumbani habari za Korosani, asijue kamwe kwamba ni vita vilevile. Hasara hiyo si ndogo. Takwimu za Wajerumani zilihesabu kwa upande wao Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi 316 waliouawa. Kwa Waafrika wengine serikali hiyo ilitoa kadirio la jumla la watu 75,000, naye Gilbert Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa. Upande mmoja ulihesabiwa mtu kwa mtu. Upande wa pili ulikadiriwa kwa maelfu.

Mpagazi na reli

Miaka kumi baadaye vita vingine vilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana katika nchi ya Njombe, na mwezi Novemba kikosi cha Wajerumani kilijisalimisha Ilembula, si mbali na Makambako. Majeshi yote mawili yalitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, na maandishi hayo yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyechongwa ni askari peke yake. Mpagazi alipewa maneno, hakupewa mwili. Mahali pake penye uhai ni jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na ambalo maelfu hulitamka kila siku bila kujua kwamba wanataja wafu.

Makambako ina mfano wake wa karibu zaidi, usio wa vita. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye madaraja na mahandaki mengi, kilikuwa kigumu kupita vyote. Wafanyakazi Watanzania, Wazambia na Wachina walikufa kazini. Wachina wana makaburi yao yanayotunzwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kwa wenyeji, ukumbusho wao wa pamoja ukabaki kuwa jina: Reli ya Uhuru.

Hitimisho

Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012, na mkoa mpya una haki ya kutafuta minara yake. Lakini mnara ukiandikwa kwa kunakili lugha ya Songea, utawaacha nje waliokufa ndani ya boma la Yakobi, waliokufa kwa njaa, na waliokufa wakibeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao. Utakuwa ukumbusho usio na kumbukumbu. Kazi ya kwanza, basi, si ya mchonga mawe. Ni ya mtafiti wa lugha: kuyakusanya majina ya vita, ya mahali na ya koo kama yanavyotamkwa kwa Kibena, na masimulizi yanayoandamana nayo, wakati wazee wanaoyajua wangali hai. Baada ya hapo jiwe litakuwa na la kusema, na mtoto wa Yakobi akilisoma atalikuta neno alilolisikia kwa bibi yake.