Panya katika Gari-Nyumba

Gari-nyumba lina vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Mengine yana injini yake, mengine ni matela ya kukokotwa. Huko Marekani na Kanada watu wengi husafiri nayo kiangazi, kisha huyaegesha miezi yote ya baridi. Hapo ndipo panya wanapohamia: wamepata kinga ya upepo na theluji, godoro la kuchambua wajengee kiota, makombo chini ya kochi, wala hakuna binadamu wa kuwasumbua.

Wageni wenyewe hasa ni wawili: panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, na yule wa porini mwenye tumbo jeupe na macho makubwa, Peromyscus maniculatus. Tundu la milimita 6 hivi, yaani unene wa penseli, linawatosha. Meno yao ya mbele hayaachi kukua, kwa hiyo hutafuna hata visivyolika: nyaya za umeme, mabomba ya plastiki, mipira ya milango. Panya wa nyumbani hubeba mimba kwa wiki tatu tu na huzaa watoto watano au sita, nao watoto huweza kuzaa wakiwa na wiki sita hivi. Wasemao kwamba panya huuma huku akipuliza wangelitambua gari hili, maana hasara huonekana siku ya kuliwasha.

Kazi kubwa ya kuwazuia iko chini ya gari. Kila bomba na kila waya hupita sakafuni kwenye tundu, na mara nyingi tundu hilo ni pana kuliko kinachopita. Palipo pabaya zaidi ni nyuma ya droo za jikoni, chini ya sinki, kando ya choo, kwenye kijimlango cha waya mkubwa wa umeme, na pembeni mwa vyumba vinavyosukumwa nje gari likiegeshwa. Njia nzuri ya kuyapata matundu ni ya usiku: mmoja alale chini ya gari na tochi kali, mwenzake awe ndani gizani, afungue makabati na kutia alama popote mwanga unapopenya.

Povu la kuzibia peke yake ni bure, panya hulitafuna. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria humzuia, ila hushika kutu; wavu wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, ukishindiliwa kisha ukafunikwa kwa gundi ya silikoni. Matundu ya hewa ya hita na friji ya gesi yasizibwe kamwe. Yawekewe wavu unaofaa kifaa hicho, la sivyo moto utakosa hewa na kutoa kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila harufu.

Mafuta ya mnanaa na vipande vya sabuni vya kufukuzia panya vina mashabiki wengi, lakini harufu hufifia na panya mwenye njaa huizoea. Vidonge vya naftalini ni vibaya zaidi, kwani mvuke wake ni sumu kwa atakayelala humo. Kuhusu vifaa vya sauti isiyosikika na binadamu, mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliziandikia barua za onyo kampuni zaidi ya 60, ikizikumbusha kwamba madai yao yahitaji ushahidi wa kisayansi.

Mtego wa springi, ambao William C. Hooker wa Illinois alipewa hataza yake mwaka 1894, bado unafaa. Utegwe upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiambaa ukuta. Siagi kidogo ya karanga yatosha. Sumu haifai humu, maana panya huenda kufia ndani ya kuta na kuoza huko.

Kufagia kinyesi kikavu ni hatari. Panya wa tumbo jeupe hubeba virusi vya hanta vilivyotambuliwa mwaka 1993 kusini-magharibi mwa Marekani, na mtu huambukizwa kwa kuvuta vumbi la kinyesi chake. Mwaka 2012 wageni 10 wa hifadhi ya Yosemite waliugua na watatu wakafa. Wengi walikuwa wamelala katika mahema ya kuta mbili, ambamo panya walijenga viota katikati ya kuta. Fungua milango na madirisha kwa nusu saa, vaa glavu, lowesha uchafu kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika tano, kisha ufute kwa karatasi na kuzitupa ndani ya mfuko uliofungwa.