Kobe mgeni: Kimya chake si ishara ya kuridhika

KOBE anapofikishwa katika ua wa nyumba mpya, kwa kawaida huficha kichwa na miguu ndani ya gamba na kukaa hivyo kwa saa nyingi. Watoto humzunguka, majirani huja kumtazama, na mwenye nyumba huweka kipande cha tikitimaji mbele yake akisubiri kumwona akila.

Asipokula siku hiyo wala ya pili, hofu huingia. Hapo ndipo makosa mengi hutendeka. Kobe huinuliwa na kuhamishwa kutoka kona hadi kona, hubadilishiwa chakula kila baada ya saa chache, humwagiwa maji baridi, na pengine hudungwa sindano ya dawa ya mifugo iliyokuwa imehifadhiwa kabatini.

Mbwa aliyehamishwa hubweka usiku kucha na paka hutoroka kurudi alikotoka. Kobe hana sauti ya kulalamika. Hunyamaza tu, na anaweza kudhoofika kwa wiki kadhaa kabla mtu yeyote hajatambua kuwa kuna tatizo. Kwa sababu hiyo, kumzoesha makazi mapya ni kazi ambayo sehemu yake kubwa hufanyika kabla hajafika, na baada ya hapo mfugaji hutakiwa kumwacha atulie.

Makala haya yanamhusu zaidi kobe wa madoa meusi na ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis. Ndiye anayeonekana mara nyingi katika nyika za Afrika Mashariki, na makazi yake ya asili yanaanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Kibali hutangulia ua

Nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inatamka kuwa wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na kobe wa porini ni miongoni mwao. Kenya nayo ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo hairuhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Masuala ya vibali hushughulikiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) nchini Tanzania, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) nchini Kenya.

Wapo wanaoona kuwa sheria hizo ni kali mno kwa mnyama asiyemdhuru mtu. Historia ya kisiwa cha Changuu, kilicho karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, inaeleza kwa nini zinahitajika. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alituma huko zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Waliyazoea mazingira hayo vizuri na kuzaana, hata mwaka 1955 wakafikia takriban 200. Baadaye watu walianza kuwaiba, wengine kwa ajili ya kitoweo na wengine kwa ajili ya kuwauza nje kama wanyama wa kufugwa majumbani. Ilipofika mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba, na ilibidi wajengewe uzio maalumu wa ulinzi ndipo idadi yao ilipoanza kupanda tena.

Hali ya kobe bapa, anayeishi katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, ni ya hatari zaidi. Jike lake kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja, hivyo kila anayechukuliwa huacha pengo lisilozibika upesi. Mwaka 2019 alipandishwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambayo inazuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini.

Ifahamike pia kwamba kobe aliyekutwa akivuka barabara ya lami hahitaji makazi mapya. Huvushwa kuelekea upande aliokuwa akienda, akaachwa aendelee na safari yake.

Siku za kutafuta mlango

Kobe aliyekwisha kutoa kichwa huanza kutembea, na mara nyingi hutembea kandokando ya ukuta. Huzunguka, hurudi, husukuma kila kona na kujaribu kupanda. Wengi hudhani anajinyoosha. Ukweli ni kwamba anatafuta njia ya kurudi kwao, kwani kobe hujua eneo lake, yaani vichaka, vivuli na sehemu za malisho, na kuhamishwa humpotezea ramani yote hiyo kwa siku moja.

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia kobe wachimbaji wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo waliohamishiwa eneo jipya. Waliowekwa kwanza ndani ya uzio kwa miezi 9 hadi 12 walitulia zaidi katika eneo hilo baada ya uzio kuondolewa, ilhali walioachiwa mara moja walitawanyika mbali. Kipimo cha kobe cha kuzoea mahali, basi, ni misimu. Mfugaji anayetarajia matokeo baada ya wiki moja anajidanganya.

Ukuta wa ua wake uwe wa kitu kisichopenyeka kwa macho, kama vile matofali au mbao. Wavu wa waya humwonyesha upande wa pili, naye huendelea kuusukuma hadi pua na miguu ichubuke. Kimo cha sentimita 50 hadi 60 kinatosha kwa kobe mkubwa, na sehemu ya chini ifukiwe ardhini ili asichimbe wala mbwa asifukue.

Mbwa ndiye hatari kuu katika nyumba za mjini. Hata yule mpole aliyelelewa pamoja na watoto huweza kuliona gamba kuwa ni mfupa wa kutafuna, na majeraha yake ni mabaya kupindukia. Kobe wadogo huhitaji pia wavu juu ya ua wao kwa sababu ya kunguru, na banda linalofungwa usiku kwa sababu ya panya na siafu.

Ndani ya ua kuwe na jua na kivuli kwa wakati mmoja, majani marefu ya kujificha, na kibanda kikavu chenye nyasi. Mahali pa kujificha ndipo panapompa ujasiri wa kutoka. Kobe asiye na pa kujificha hubaki ndani ya gamba lake, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee anayoiamini.

Mipira ya nailoni, misumari, vipande vya chupa na mifuko iondolewe, maana kobe humeza vitu bila kuchagua sana. Mti wa oleanda, unaopandwa kwa ajili ya maua yake meupe au ya waridi, una sumu na haufai kuwamo. Halikadhalika, nyasi zilizopuliziwa dawa ya mbu au mchwa zisitumiwe kama malisho.

Joto kabla ya chakula

Damu ya kobe hufuata joto la mahali alipo. Asipopata joto la kutosha tumbo lake halisagi chakula, hata kama amekula. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kobe anayekataa kula linahusu joto la mahali alipolala na saa alizokaa juani.

Mchana ahitaji sehemu yenye kati ya nyuzi 25 na 30, na mahali pa kuota jua panapozidi hapo kidogo. Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Tanga hawana shida kubwa katika hili. Wao wajali zaidi kivuli cha saa sita. Kwa wakazi wa Nairobi, Arusha na Mbeya, usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 na hata chini ya hapo. Baridi ikichanganyika na unyevunyevu huleta maradhi ya mapafu, hivyo kibanda kiinuliwe kutoka ardhini, kijazwe nyasi kavu, na mlango uzibwe jioni. Kobe wa madoa hana desturi ya kulala usingizi mrefu wa majira ya baridi kama baadhi ya jamaa zake wa Ulaya. Akizubaa kwa siku nyingi, ana baridi au ni mgonjwa.

Jua lenyewe halina mbadala mwepesi. Miale inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha, na bila vitamini hiyo mwili hautumii madini ya kalisi ipasavyo. Kobe anayelelewa sebuleni karibu na dirisha angavu anaweza kuonekana mwenye afya huku mifupa na gamba lake vikilainika polepole.

Maji ni jambo lililo rahisi zaidi kulitimiza. Siku ya kuwasili, awekwe kwa dakika 15 hadi 20 katika beseni la maji ya vuguvugu yasiyozidi usawa wa kidevu. Baada ya safari kobe wengi hunywa hapo kwa muda mrefu. Kisha asiinuliwe ovyo, kwa kuwa kobe wa maeneo makavu huhifadhi akiba ya maji katika kibofu, na anaposhtuka huweza kuimwaga yote mikononi mwa aliyembeba.

Chakula chake ni nyasi na magugu. Nyasi za aina mbalimbali ziwe sehemu kubwa, zikifuatiwa na mchunga, majani na maua ya haibiskasi, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Mchicha na spinachi vitolewe kwa nadra, kwani vina kemikali inayoifunga kalisi isitumike mwilini. Matunda matamu humharisha. Ugali, mkate, wali, maziwa na nyama si vyakula vyake, hata kama anavifuata. Huko nyikani hutafuna mifupa mikavu na hata kinyesi cha fisi ili kujipatia kalisi. Nyumbani mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni unafaa.

Kobe mkubwa mwenye maji na joto la kutosha anaweza kupitisha wiki moja, pengine mbili, bila kula sawasawa, kisha akaanza mwenyewe. Kitoto hakina akiba hiyo. Kikipitisha siku tatu au nne bila kula, kipelekwe kwa daktari wa mifugo. Njia ya uhakika ya kufuatilia ni mizani: apimwe siku ileile kila wiki na uzito uandikwe katika daftari. Macho huzoea kumwona kila siku na hayatambui kuwa anakonda.

Dalili nyingine za kutazama ni mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi, macho yaliyovimba na mkojo mweupe unaokwaruza kama mchanga. Mkojo mweupe ulio laini kama dawa ya meno hauna tatizo.

Tahadhari moja inastahili kukaririwa. Dawa ya minyoo na kupe iitwayo ivermectin, ambayo wafugaji wengi wa ng'ombe na mbuzi huwa nayo, ni sumu kwa kobe. Inaweza kumpoozesha na kumuua. Kupe waondolewe kwa kibano, na tena waondolewe bila kuchelewa iwapo kuna mbuzi au ng'ombe uani. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa kobe wa madoa kwa sababu kupe wake wanaweza kueneza ugonjwa wa mifugo unaoufanya mfuko wa moyo kujaa maji.

Kwa upande wa wanadamu, kobe mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Mwenzake asiletwe haraka

Simulizi ya Owen na Mzee imewafanya wengi waamini kuwa kobe hupenda kampani. Owen, mtoto wa kiboko, aliokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kupelekwa Haller Park, Mombasa, ambako alimwandama kobe mzee wa Aldabra hadi wakawa wanalala pamoja. Ni kisa cha kweli na cha kupendeza, ila aliyekuwa akitafuta mwenzi ni kiboko. Kobe kwa maumbile huishi peke yake, na madume wawili katika ua mmoja husukumana hadi mmoja apinduliwe chali. Akibaki hivyo kwenye jua kali, hufa.

Iwapo nyumba ina kobe tayari, mgeni atengwe kwa miezi mitatu au zaidi, akiwa na vyombo vyake vya chakula na maji, kwa vile maradhi ya njia ya hewa huenea kutoka kwa kobe anayeonekana mzima.

Kuna suala la umri pia. Kobe wa madoa huweza kuishi nusu karne na zaidi. Jonathan, kobe wa kisiwa cha Saint Helena, alifikishwa huko mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa, na mwaka 2022 Guinness ilimtambua kuwa kobe mwenye umri mrefu kuliko wote waliowahi kurekodiwa. Mfugaji mwenye umri wa miaka 40 anayepokea kitoto cha kobe leo anapaswa kujua nani atakipokea baada yake, na kama mtu huyo ana ua. Siku ya makabidhiano, kibali na daftari la uzito viende pamoja na mnyama, kwani kobe huyo atakuwa mgeni kwa mara ya pili.